Usiri au faragha?

SWALI: Ni mtangazaji wa redio hapa Morogoro. Wiki iliyopita nilisoma hewani sentensi hii: "Serikali inapaswa kupata mizani kati ya usalama wa kitaifa na usiri wa kibinafsi wa wananchi." Msikilizaji mmoja akapiga simu akisema nilitakiwa kusema faragha. Studio nzima ikaangua kicheko, maana kwetu faragha ni mambo ya mke na mume. Nani yuko sahihi?

JIBU: Msikilizaji wako. Wenzako nao siwalaumu kwa kucheka, ila wameshika tawi wakaacha shina. Faragha tumeitoa kwenye Kiarabu, ambako faragh ni utupu, nafasi isiyo na kitu. Sisi tukaifanya kuwa mahali pasipo mtu mwingine. Mzee akimwambia mwenzake msibani "naomba tuonane faragha kidogo," wanasogea nyuma ya turubai wakanong'onezana habari za michango, na hakuna anayewaza chumba cha kulala. Mke na mume wameingia humo kwa sababu nao wanahitaji mlango ufungwe.

Siri ni habari. Inafichwa, inatunzwa, inavuja. Faragha ni nafasi ya mtu, hata kama ndani yake hamna cha kuficha. Nilielewa tofauti hii vizuri mwaka 2019, laini za simu ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole, kabla ya zile ambazo hazikusajiliwa kuanza kuzimwa Januari 20, 2020. Nilikuwa kwenye foleni chini ya mwavuli wa wakala, mbele yangu mama mmoja mtu mzima. Kijana mwenye mashine akamwambia, "Taja namba ya NIDA, mama, kwa sauti." Mama akazitaja tarakimu zote 20 za kitambulisho chake cha taifa. Sasa nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu nyuma yangu akapiga hesabu, akasema, "Kumbe bibi kabisa!" Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Umri wake ulikuwa siri? Hata kidogo, mtaani kwake wanaujua. Lakini hakuja pale kututangazia sisi. Alichonyang'anywa ni faragha.

Ndiyo maana neno ulilolichagua lina athari kuliko unavyodhani. Ukisema usiri, umeshamwandalia mtu hoja: "Kama huna siri, unaogopa nini?" Jaribu kuisema hoja hiyohiyo kwa neno la pili: "Kama huna faragha, unaogopa nini?" Sentensi inagoma. Asiye na faragha ndiye hasa mwenye cha kuogopa.

Usiri una kazi yake. Ni wajibu wa anayetunza habari za mwingine: daktari, wakili, karani wa benki. Na serikali ina siri zake, tena kwa mujibu wa sheria. Ila sijapata kusikia mtu akisema "faragha ya serikali". Faragha ni ya watu.

Fungua Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, iliyoingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984. Kichwa chake: "Haki ya faragha na ya usalama wa mtu." Usalama na faragha vimekaa kiti kimoja, na usalama unaotajwa hapo ni wa mtu. Usalama wa jamii unakuja mbele, ibara ya 30, kwenye mipaka ya haki. Sisi watangazaji (nami nilikaa studio miaka kadhaa) tumezoea kutamka usalama tukimaanisha vyombo vya dola tu. Kijiweni ndiyo kabisa: ukisikia "yule ni usalama", watu wanabadilisha mazungumzo, wanarudi kwenye Simba na Yanga.

Kuhusu mizani. Mizani ni kifaa, kipo buchani. Mtu hapati mizani kati ya nyama na jiwe. Anapima kwa mizani. "Kupata mizani kati ya" ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na "kuleta usawa" ni kosa kubwa zaidi, kwani hakuna anayedai vitu hivi viwili vilingane. Ibara ya 16 haina mizani. Inataka utaratibu wa sheria kuhusu "hali, namna na kiasi" ambacho haki hiyo "yaweza kuingiliwa". Kitenzi ni hicho, kuingilia. Nawasikia wengine wakisema "kuvamia faragha". Kwangu huo ni uvamizi wa lugha.

"Kibinafsi" nalo liondoe, kwa kuwa faragha tayari ni ya mtu. Unapotaja habari zenyewe, kama namba ya yule mama, sheria yetu ya mwaka 2022 inaziita "taarifa binafsi", bila "za" wala "ki". Kenya wanapendelea "data", na hilo si kosa, ni mazoea ya upande wa pili wa Namanga.

Limebaki "wananchi". Ibara ya 17, inayohusu uhuru wa kwenda utakako, inasema "kila raia". Ya 16 inasema "kila mtu". Mkimbizi aliyeko Nyarugusu, Kigoma, si raia, lakini simu yake na barua zake zimo. Kwa hiyo usipunguze kilichoandikwa kwa upana.

Mimi ningesoma hivi: "Serikali iseme ni kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani, itaingilia faragha ya watu kwa ajili ya usalama wa taifa." Imezidi yako kwa maneno machache, na mhariri atalalamikia muda. Mwambie akate kwenye tangazo la sabuni.