Muulize Mama Mifugo: “Nataka kazi ya farasi, na niko Urambo”

*Shikamoo Mama Mifugo. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha nne hapa Urambo. Nimepata C ya Baiolojia, D ya Kemia, C ya Jiografia na B ya Kiswahili. Tangu utotoni nawapenda farasi, kila nikipata bando naangalia video zao. Nyumbani wananicheka, wanasema Tabora nzima hakuna farasi, nitamtunza nani? Je, Mtanzania anaweza kuishi kwa kazi ya farasi? Na mtu asiye na hela aanzie wapi? — Mpenda Farasi, Urambo*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana kwa miaka yote niliyokuwa afisa mifugo mkoani kwetu, vijana waliniuliza habari za ng'ombe, kuku wa mayai na nguruwe. Farasi, ni wewe.

Kuhusu Tabora, wa nyumbani hawajakosea. Ulipopelekwa na shule kwenye tembe la Kwihara bila shaka ulisimuliwa habari za Livingstone na Stanley. Huyo Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia hata kabla hajaenda mbali na pwani. Mizigo yake iliyofika Tabora ilifika mabegani mwa wapagazi. Na hata wangefika, Unyamwezi haungewapokea vizuri. Miombo yetu ina mbung'o, na mbung'o ana vimelea vya nagana. Ng'ombe akipata nagana anakonda na unaweza kumtibu akapona. Farasi hali yake ni mbaya zaidi, anavimba miguu na tumbo, damu inamwishia, anakwenda. Juu ya hapo kuna ugonjwa mwingine wa virusi unaoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu. Huo ukiingia kwenye farasi wasiochanjwa unaweza kuua hata 9 kati ya 10. Pundamilia anavibeba virusi hivyo damuni wala huoni kitu.

Basi farasi wa Tanzania utawakuta wapi? Wengi wako kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, kuanzia Usa River hadi uwanda wa magharibi mwa Mlima Kilimanjaro, ambako kuna kambi zinazotembeza wageni porini wakiwa juu ya farasi. Wako wachache Dar es Salaam na Zanzibar, wanaopandwa na watalii ufukweni. Na Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, lakini huko huajiriwi kama mtu wa farasi. Unaingia kama askari, unapita Shule ya Polisi Moshi, kisha jeshi ndilo linalokupangia kikosi. Ukivuka mpaka, Nairobi kuna uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na penye mbio pana watu wa kulisha, wa kufanya mazoezi na farasi, wa kuangalia miguu yao.

Sitakudanganya kwamba nafasi ni nyingi. Ni chache, na aliyezipata haachii upesi. Lakini zinapotoka, mwenye farasi hatafuti mtu anayependa farasi, maana hao anao wengi. Anatafuta mtu ambaye usiku wa manane, mwenyewe akiwa Arusha mjini, atagundua kwamba farasi wa tatu kutoka mlangoni hajanya tangu jioni.

Nifafanue hapo, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe na video hazikuonyeshi. Farasi hawezi kutapika. Alichomeza kina njia moja tu ya kutoka, na utumbo ukijisokota au ukiziba, anaweza kufa kabla ya jogoo kuwika. Dalili zinaanza kidogokidogo: anageuza shingo kuangalia ubavu wake, anaparapara ardhi kwa mguu wa mbele, anaacha chakula, analala na kuamka, anataka kugaagaa. Mtunzaji mzuri anamwekea mkono chini ya taya akahesabu mapigo (farasi mzima aliyetulia ana mapigo kama 28 hadi 44 kwa dakika), anamfunua mdomo kuona kama fizi zina rangi yake ya waridi, anatega sikio ubavuni kusikia kama tumbo linanguruma. Ndipo anapiga simu kwa daktari, na anaposema anasema kitu kinachoeleweka. Mchana wake ni maji, mavi na majani. Farasi mmoja wa kilo 500 anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, joto likizidi anapita hapo, na anakula kama kilo 10 za majani makavu. Mwenye banda la farasi kumi na mbili apige hesabu ya ndoo.

Sasa swali lako la kuanzia wapi bila hela. Anza na punda.

Najua hukutaka kusikia hivyo. Lakini punda na farasi ni ukoo mmoja, kwato moja kila mguu, meno yanayokua na kuchakaa kwa namna moja, hofu ileile ya kushtuliwa kwa nyuma. Hapo Urambo si wengi, ila panda basi uende Nzega au Igunga uone mikokoteni ya maji na ya magunia. Tafuta mwenye punda wawili watatu, mwombe umsaidie asubuhi bure. Atashangaa, kisha atakubali.

Jifunze kwanza kuinua mguu. Simama begani kwa punda, uso wako uangalie mkia wake. Weka mkono juu ya bega, uushushe taratibu nyuma ya mguu bila kuutoa mwilini, hadi juu kidogo ya kwato. Hapo finya kano kidogo na umwambie neno moja, lilelile kila siku. Akiinua, upokee, usiuvute pembeni kwa sababu kiungo chake hakiendi huko. Kwa chuma kilichopinda, hata msumari wa nchi sita uliokunjwa ncha na kufanywa butu, toa uchafu kuanzia kisiginoni kwenda mbele. Katikati utaona nyama ngumu yenye umbo la V. Hiyo usiichome, safisha mifereji ya pande zake. Nusa. Ikinuka kama panya aliyeoza, kuna uozo, na hapo anahitaji sehemu kavu ya kusimama na dawa. Kwato hukua kama ukucha wa mtu, kwa hiyo kila wiki 6 hadi 8 inahitaji kupunguzwa. Vijijini kwetu nimeona punda wenye kwato zilizopinda kama kiatu cha sultani, na mwenyewe anashangaa kwa nini mnyama anachechemea. Nilikuwa nikikaa na vijana mnadani tunashika mguu mmoja baada ya mwingine, na yule aliyeweza kuinua miguu minne ya punda mkorofi bila fimbo, nilijua huyo anafaa popote.

Shule sasa. Kwa matokeo yako, tazama Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Vyuo vyake viko Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Mabuki na kwingine. Unaanza astashahada, unaendelea stashahada. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka huo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kulipa chochote, vigezo hubadilika. Watakaokushauri watakutajia Mabuki kwa sababu ni karibu. Mimi nakwambia jaza Tengeru kwanza. Tengeru na Usa River ni mwendo wa daladala muda mfupi tu. Mwanafunzi wa mifugo anayebisha hodi kwenye banda la farasi Jumamosi asubuhi na kusema “naweza kusafisha kwato” ana sababu ya kusikilizwa. Wa Urambo anayepiga simu hana.

Wakati unasubiri, bando lako ligeuze kazi. Chuo Kikuu cha Florida kina kozi ya msingi ya utunzaji wa farasi kwenye Coursera. Ni ya Kiingereza, na hilo nalo litakufaa, kwa kuwa wageni wa safari na madaktari wengi wa farasi utazungumza nao Kiingereza. Andika kila neno usilolijua kwenye daftari.

*Habari za kazi mama. Binti yangu yuko kidato cha tano hapa Nzega, PCB, anataka udaktari wa mifugo na anasema atawatibu farasi na punda. Shemeji zangu wanasema mwanamke hawezi kumwangusha ng'ombe. Unasemaje? — Mama yake*

Njema dada. Waambie shemeji zako kwamba ng'ombe haangushwi kwa misuli, anaangushwa kwa kamba iliyofungwa mahali pake, nimewaangusha wengi. Binti akifaulu vizuri Baiolojia na Kemia aombe Sokoine, Morogoro. Udaktari wa mifugo ni miaka 5, na akimaliza anasajiliwa na Baraza la Veterinari ndipo atibu kwa jina lake. Na mwambie habari za Dorothy Brooke, mwanamke wa Kiingereza aliyewakuta Cairo farasi wa vita ya kwanza ya dunia, wazee, wamebaki mifupa, wanavuta mizigo. Mwaka 1934 akafungua hospitali yao ya bure. Shirika lililotokana na hospitali hiyo liko hadi leo, na Afrika Mashariki linafanya kazi zaidi na punda. Mashirika ya namna hiyo huajiri madaktari wa kwetu.

*Mama, niko Ujiji. Kuna wakala ameniahidi kazi ya kulisha farasi wa mbio nchi za Ghuba. Anataka laki nane ya viza kabla ya kuona mkataba. Rafiki yangu keshatuma. — Kijana wa Kigoma*

Usitume. Kazi za farasi Ghuba zipo kweli, na hilo ndilo wanalolitumia. Wakala halali wa ajira za nje ana leseni ya serikali. Chukua jina lake na la kampuni uulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Mkataba uuone kwanza, wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi, bima na nani analipa tiketi ya kurudi. Asiyeweza kukuonyesha karatasi hiyo hana kazi ya kukupa. Pasi yako usimwachie mtu.

Tena angalia jinsi nafasi za kweli zinavyokuwa. Kuna mafunzo yanayoitwa Godolphin Flying Start, yalianza 2003, miaka 2 ya kujifunza uongozi wa tasnia ya farasi wa mbio, na wanafunzi wanazungushwa Ireland, Uingereza, Marekani, Australia na Dubai. Wanaochukuliwa ni wachache sana, na gharama inabebwa na wenye mafunzo. Uingereza, kumpigilia farasi kiatu cha chuma kwenye kwato bila kusajiliwa ni kosa tangu sheria ya 1975, na fundi anafundishwa miaka 4 chini ya fundi mwingine. Watu wanaouheshimu ufundi hivyo hawakuajiri kwa ujumbe wa WhatsApp. Rafiki yako aende polisi leo na risiti za muamala.

*Mimi ni fundi viatu Igunga. Nina punda wawili wa mkokoteni, wana vidonda shingoni haviponi. Mteja mmoja kaniambia nishone vifaa vya punda, nitapata biashara. Ni kweli? — Fundi*

Kweli kabisa, na barua yako ina majibu mawili katika tatizo moja. Vidonda hivyo naamini vinatoka kwenye nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia nira na shingo nene ya kusukumia. Punda hana, yeye nguvu yake iko kifuani. Ukimwekea nira unamkata shingo kwa mti.

Mshonee mkanda wa kifua. Upana uwe kama sentimita 10, turubai nene lililokunjwa mara mbili au ngozi, upande wa mwilini weka blanketi au gunia safi lisilo na mshono unaokwaruza. Upite juu ya ncha ya bega na chini ya koromeo, ili avute bila kubanwa pumzi. Mkanda mwingine upite juu ya mabega kuushikilia, na kamba za kuvutia zitoke pande zote mbili kwa urefu sawa. Usitumie waya wala mpira wa tairi unaogusa ngozi tupu, vinachoma wakati wa jua. Pima kwa kila punda, kisha mtembeze na mzigo mwepesi na uchungulie manyoya: yalipolala ovyo ndipo panaposugua.

Punda wa Igunga, Nzega na Shinyanga wakivaa mkanda wako, una wateja. Ukitaka kujifunza kusindika ngozi, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi. Na punda wana thamani mpya sasa: Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao kwa miaka 15, kwa hiyo anayeuza punda wake kwa wanunuzi wa usiku anavunja makubaliano ya bara zima.

Vidonda vya sasa: wapumzishe wote wawili mpaka ngozi mpya ifunge. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha asubuhi na jioni kwa kitambaa safi, kimoja kwa kila punda. Usipake oili chafu wala dawa ya betri. Ukiona usaha au funza, mwite afisa mifugo wa kata.