Auramini: inaakisi, inamulika au inang'aa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea maabara na sasa niko mazoezini hapa Mtwara. Kwenye ripoti ya kipimo cha makohozi cha kutafuta bakteria wa kifua kikuu niliandika: "Slaidi ilipakwa auramini. Rangi hii inaakisi mwanga wa bluu na bakteria sugu wanawaka." Msimamizi wangu alikata "inaakisi" akaweka "inamulika". Kiswahili chake kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si chako, si chake.

Kuakisi ni kurudisha mwanga kama ulivyokuja. Kioo huakisi. Auramini hufanya jambo jingine kabisa: hufyonza mwanga wa bluu, nishati kidogo hupotelea njiani kama joto, na iliyobaki hutoka ikiwa mwanga wa mawimbi marefu zaidi, ambao macho yetu huuona kijani-manjano. Taa ikizimwa, nao unakoma papo hapo. Mtazame dereva wa bodaboda anapopita na kile kizibao tunachokiita riflekta. Kitambaa chake cha manjano kinachochoma macho mchana kinafanya kazi ya auramini. Hufyonza mwanga na kuutoa kwa rangi nyingine. Ile mikanda ya kijivu inayomulikwa na taa za gari usiku ndiyo inayoakisi. Kizibao kimoja, vitenzi viwili, na jina tumelitoa kwa mikanda peke yake.

Msimamizi wako naye kampa auramini kazi ya taa. Kumulika kunataka kitu kinachoangaziwa: taa humulika slaidi, tochi humulika njia. Auramini haimmuliki mtu.

Kuwaka ni kwa moto, jiko, taa, vitu ambavyo mwanga wao haungoji mwanga mwingine. Bakteria wako hawana mwanga wa kwao, tena makohozi yalishakaushwa kwa moto kwenye slaidi kabla hata rangi haijaguswa. Kumetameta pia nakukataza, maana kuna kuonekana na kupotea ndani yake, kama nyota. Kinachobaki ni kung'aa, kitenzi kisichouliza mwanga umetoka wapi. Basi andika: "Taa humulika slaidi, auramini hufyonza mwanga wa bluu, na bakteria hung'aa kijani-manjano mbele ya usuli mweusi."

Kwa nomino ya jambo hili la kufyonza mwanga na kuutoa kwa rangi nyingine, nitakuwa mgumu kidogo. Wapo wanaopendekeza "mng'ao", lakini mng'ao ni wa dhahabu, wa mwezi, hata wa uso wa bibi harusi. Kwa mgonjwa unayemweleza kipimo chake, mng'ao unatosha. Kwa ripoti, andika fluoresensi bila aibu. Jina hilo lilitungwa na mwanasayansi George Gabriel Stokes mwaka 1852 kutokana na madini ya fluoraiti, na kati ya vitu alivyochunguza ulikuwamo mmumunyo wa kwinini, dawa tuliyoimeza sana huku kusini.

Sasa "ilipakwa". Makohozi hupakwa kwenye slaidi, sawa, kwa sababu yanakaa juu ya kioo. Rangi hutiwa: hupenya na kushika kwenye ukuta wa seli wenye asidi za mikoliki, yaani aina ya mafuta. Kushika ndilo neno lenyewe, na wauguzi wa macho hulitumia vizuri. Wakidondoshea jicho fluoresini, rangi nyingine inayofanya kazi kama auramini, watakwambia "rangi imeshika hapa", yaani pamechubuka, na chini ya taa ya bluu pale panang'aa kijani.

Kuna jozi nyingine ya kuangalia. Kichujio cha hadubini *huchuja*: huzuia bluu, hupitisha manjano. Auramini iliyoachwa kwenye mwanga *huchujuka*, ndiyo maana slaidi hufichwa gizani na kusomwa mapema. Mtaani tunasema "kanga imechuja" na tunaelewana, ila kwenye ripoti yenye kichujio ndani yake utamchanganya msomaji. (Na ni hadubini. Darubini waachie manahodha wa Mikindani.)

Kubwa kuliko yote nimeliweka mwisho, na nashangaa msimamizi hakuligusa: "bakteria sugu". Ulikusudia kwamba baada ya kutiwa auramini slaidi huoshwa kwa asidi na alkoholi, vitu vingine vikaachia rangi, bakteria hawa wakaing'ang'ania. Huo ni usugu kwa asidi. Lakini kifua kikuu sugu, kwa kila mtu kuanzia daktari hadi jirani wa mgonjwa, ni kile kisichosikia dawa, na auramini haina uwezo wa kulionyesha hilo. Andika "sugu kwa asidi" kila mara, maneno yote matatu, hata kama fomu ina nafasi ndogo. Ukifupisha, mgonjwa wa kawaida anaweza kurudi kijijini akiamini dawa zake hazitamfaa.