Maswali yenu: wino unaosambaa, foili isiyoshika na kadi zinazopasuka kwenye mkunjo

Maswali ya kadi na tegi za mkono, vile vikadi vya kufunga kwenye zawadi, yamekuwa mengi sana safari hii, na nilivyoyasoma yote mfululizo nimegundua wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yaani huu wino umekauka kweli au bado. Nimechagua machache, mengine nimeyafupisha, na lile la foili, ile karatasi nyembamba ya plastiki yenye rangi ya dhahabu inayohamia kwenye kadi, nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mmeuliza wengi mno.

SWALI: Dada shikamoo. Nagonga picha ya maua kwa muhuri na wino mweusi, nasubiri ukauke, nikipitisha kidole hautoki kabisa. Ila nikianza kupaka rangi za maji picha nzima inageuka kijivu na mistari inapotea. Nimebadilisha karatasi mara mbili na bado. Nakosea wapi?
— Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kugonga unagonga vizuri, tatizo ni wino na rangi ulizozikutanisha hazipatani. Wino kukauka sio kwamba umeshaacha kuyeyuka, hapa ndo watu wengi wanakwama na mi nilikwama hapo muda mrefu tu. Wino wa kawaida wa mihuri ule wa dai, yaani wenye rangi iliyoyeyushwa, unanyonywa na karatasi, unakauka haraka, ukigusa haukuchafui, lakini ukiumwagia maji unaamka tena kama vile ulikuwa umelala. Kuna aina zimetengenezwa makusudi ziamke hivyo, watu wanazitumia kuchanganya rangi na kupata madoa mazuri ya maji, kwa hiyo sio wino mbaya, ni wa kazi nyingine.

Wewe unatumia rangi za maji, unahitaji wino uliotengenezwa usiyeyuke kwenye maji ukishakauka, kwenye pakiti wanaandika kabisa kwamba hauingii maji. Na hata huo uupe muda, ukiwa na mashine ya hewa moto upitishie kidogo ndo uanze kupaka.

Sasa ngoja niongeze jambo ambalo hujauliza ila utakutana nalo. Siku ukihamia kwenye maka peni za spiriti kila kitu kinageuka. Wino ambao maji hayauwezi unaweza kutawanywa na spiriti dakika hiyohiyo, na kuna wino unaokimbia kwenye maji lakini ukipitisha maka ya spiriti juu yake hautikisiki. Wino wenye spiriti ndani yake, ule wa kugonga kwenye plastiki na vioo, usiupakie maka za spiriti kabisa, utasambaa na ncha ya maka yako itabeba weusi ambao hautoki kirahisi. Mi nimejiwekea utaratibu wa kijinga lakini unaniokoa, nina daftari moja, kila wino mpya naugonga mara tatu kwenye ukurasa, moja napitishia maji, nyingine maka, ya tatu naiacha hivyohivyo, naandika tarehe na jina la wino pembeni. Kabla sijaanza kadi yoyote naangalia daftari kwanza.

SWALI: Nimenunua poda ya embosi ya dhahabu, ile inayoyeyushwa kwa joto ili picha iinuke, nagonga wino, namwagia poda, kisha natumia draya ya nywele. Poda inapeperuka yote na ile inayobaki haiyeyuki. Pia kuna vichembe vinabaki mahali ambapo sikugonga. Naomba msaada.
— Mama wa mabinti wawili

JIBU: Draya ya nywele weka pembeni dada yangu. Inapuliza sana na joto lake ni dogo, poda ya embosi inataka kinyume chake, joto kali na upepo kidogo, ndo maana kuna mashine yake ya hewa moto. Iwashe kwanza ukiielekeza pembeni mpaka ipate moto, ndo uilete kwenye karatasi, au uanzie chini ya karatasi ili poda ianze kuyeyuka na kushika kabla upepo haujaigusa. Utaona poda inabadilika ghafla, ilikuwa kama mchanga inakuwa kama kioo. Ikishafika hapo hama sehemu, ukiendelea kuipiga moto inazama kwenye karatasi na ule mng'ao unapotea, na haurudi.

Vichembe vinavyobaki ni kwa sababu ya mambo mawili, umeme wa msuguano kwenye karatasi na mafuta ya vidole vyako. Kabla hujagonga, pangusa karatasi na kifuko kidogo cha kitambaa chenye poda ya mtoto ndani, kidogo tu, alafu shika karatasi pembeni. Ukishamwaga poda na kukung'uta, angalia kwa karibu na uondoe vichembe kwa brashi ndogo kavu kabla ya kuwasha moto, maana vikishayeyuka vimehamia hapo.

Kuhusu wino, hapa unataka ule unaochelewa kukauka. Wa pigmenti, ule wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, unafaa, na kuna ule usio na rangi unaonata makusudi kwa kazi hii. Wa dai unakauka kabla hujafungua kopo la poda.

SWALI: Dada, nimeona watu wanaweka maandishi ya dhahabu kwenye kadi kwa mashine ya laminesheni. Nimenunua foili, nimeprinti jina, nimepitisha, hakuna kilichoshika hata herufi moja. Nikajaribu tena mara nne. Karatasi imekunjamana na foili imeisha nusu. Nimekata tamaa kabisa.
— Niliyekata tamaa

JIBU: Usikate tamaa jamani, barua za namna hii nimepata nyingi na karibu zote tatizo ni lilelile. Nakuuliza kitu kimoja, umeprinti na printa gani? Kama ni ile ya wino wa maji, injeti, basi unaweza kupitisha mara mia na haitashika, kwa sababu foili hii haishiki karatasi wala haishiki wino, inashika tona. Tona ni unga laini wenye plastiki ndani, printa ya leza inauyeyusha juu ya karatasi. Ukiupitisha tena kwenye joto unalainika upya unakuwa na utomvu, foili inanasa hapo na ile plastiki yake ya juu inabanduka ikiwa tupu. Siri ni hiyo tu. Kama huna printa ya leza, printi kazi yako kwa hiyo injeti alafu kaitoe kopi kwenye mashine ya fotokopi, zile zinatumia tona, na kopi yake inashika foili vizuri kabisa.

Hakikisha pia foili yenyewe ni ya kazi hii. Kuna foili za aina kadhaa, kuna ya tona, kuna ya gundi, kuna ya zile sahani za chuma zinazopashwa moto, na kwa macho zinafanana mno. Na hii ya jikoni ya kufunikia chakula haihusiki kabisa, kuna msomaji aliijaribu na namshukuru kwa kuniandikia maana najua sio yeye peke yake.

Basi tuseme una tona na foili sahihi. Rangi iwe nyeusi kamili, sio kijivu, kwa sababu kijivu cha printa ni vidoti vyeusi vilivyotawanywa na foili itashika vidoti tu, utaona dhahabu yenye matundu matundu. Kwenye mipangilio ya printa weka tona iwe nzito. Karatasi iwe laini isiyo na mikwaruzo, zile za rangi za maji zenye vinundu foili inagusa vilima na kuacha mabonde. Herufi nazo, ukianza anza na nene, zile nyembamba kama uzi zije ukishazoea.

Foili unailaza upande wa rangi ukikutazama wewe na ule uliofifia ukigusa tona, wengi wanageuza kwa sababu inaonekana kama rangi ndo inatakiwa kugusa karatasi, sivyo. Inyooshe kwa kiganja isiwe na mkunjo hata mmoja, maana kila mkunjo utauona kwenye kazi. Ziweke zote ndani ya karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara mbili, upande wa mkunjo ndo utangulie kuingia kwenye mashine. Mashine iache ipate moto vya kutosha, hata ile taa yake ikiwaka mi huwa naongeza dakika kadhaa, na kama ina spidi chagua ya polepole. Ikitoka usiwe na papara. Iache ipoe, alafu bandua taratibu kutoka kona moja. Ukiona sehemu haijashika rudisha foili palepale upitishe tena, inakubali.

Huna mashine ya laminesheni? Pasi inaweza, bila mvuke, juu ya meza ngumu, na karatasi ya kuokea katikati, lakini nakwambia ukweli mgandamizo wake hauko sawa kila mahali na utapata mabaka. Kwa tegi ndogo inatosha. Njia nyingine ni gundi ya foili, unachora au unagonga, unasubiri mpaka ibadilike kutoka nyeupe kuwa kama maji na ukigusa inanata bila kulowesha kidole, hapo ndo unalaza foili na kusugua kwa ukucha. Ukiwahi foili inazama kwenye gundi na kupoteza mng'ao, ukichelewa haishiki.

Na zile foili ulizotumia usizitupe, pale ambapo dhahabu imetoka pamebaki umbo la herufi, lakini pembeni pote bado pazima, kata utumie kwenye tegi.

SWALI: Mume wangu anasema kadi zangu sio kazi ya mkono kwa sababu picha sikuchora mimi, nagonga muhuri na kupaka rangi tu. Imeniuma.
— Naomba jina lisitajwe

JIBU: Pole sana dada. Mwambie kwa upole tu kwamba kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole ndo aliyeiagiza, picha akachora msanii John Callcott Horsley, ikachapwa kutoka kwenye jiwe lililochorwa, alafu ikapakwa rangi kwa mkono moja moja. Yaani tangu mwanzo mmoja anachora, mwingine anachapa, mwingine anapaka, na hakuna aliyesema yule wa rangi hajafanya kazi. Kuchagua picha, karatasi, rangi, pa kuacha wazi na pa kujaza, hayo yote ni wewe. Na ukitaka kumwonyesha zaidi mkalishe mezani umpe muhuri na rangi atengeneze moja. Nasema kwa nia njema, wengi wakishajaribu wanaelewa na wengine wanabaki hapo mezani.

SWALI: Mihuri yangu mipya ya plastiki, ile unayoona mpaka upande wa pili, inagonga picha yenye matundu. Wino unajikusanya kama maji kwenye jani.
— Mgeni kwenye mihuri

JIBU: Mihuri mipya ina utelezi juu yake kutoka kiwandani. Chukua raba nyeupe ya kufutia penseli usugue polepole uso wote, osha na maji, kausha, gonga mara mbili tatu kwenye karatasi chakavu na utaona tofauti. Chini ya karatasi weka kitu chenye unyumbufu kidogo kama pedi ya mausi, inasaidia sana pale muhuri unapokuwa mpana. Kandamiza kwenye kibao chako cha akriliki, ile plastiki ngumu unayobandikia muhuri, kwa nguvu sawa bila kuyumbisha.

Baada ya kazi safisha kwa maji au kitambaa chenye unyevu, na mihuri hii usiitumie na ule wino wenye spiriti nilioutaja juu wala dawa zake za kusafishia, inaweza kuiharibu, tumia ya mpira kwa kazi hiyo. Ikibaki na rangi kidogo usihangaike, madoa hayazuii kugonga. Jua ndo adui, iweke kwenye giza.

SWALI: Shikamoo mama. Kadi zangu zinapasuka kwenye mkunjo, rangi ya juu inaachia na ndani panaonekana peupe. Natumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Pia tundu la tegi linachanika, nifanyeje?
— Kijana wa kadi

JIBU: Marahaba mwanangu. Gramu 300 ni nzuri, wala usishuke, ila karatasi ina mkondo wake kama ubao, nyuzi zimelala upande mmoja. Ikunje taratibu bila kuivunja upande huu alafu upande ule, ule unaokubali kirahisi ndo upande wa mkunjo wako. Ukikunja kinyume na nyuzi lazima ipasuke, hata uwe fundi namna gani.

Cha pili, usikunje kabla ya kuchora mstari wa kukunjia kwa kitu butu, kalamu iliyoisha wino inafaa, ukifuata rula. Utaona upande mmoja kuna mfereji na upande wa pili kimetokea kinundu. Kile kinundu kiwe ndani ya kadi, wengi wanafanya kinyume kwa sababu mfereji unaonekana kama unakuita ukunje kuelekea kwake. Bahasha kama ni ya C6, ile ya milimita 114 kwa 162, basi A4 ikate katikati upate A5 mbili, kila moja ukiikunja inakuwa A6 na inaingia vizuri ikiwa na nafasi ya ribeni ndogo.

Umeuliza pia mwishoni kuhusu tundu la tegi kuchanika. Bandika kiduara cha karatasi ngumu mbele na nyuma ya pale unapotaka kutoboa, kisha toboa vyote kwa pamoja. Ni njia ya zamani, Marekani waliitumia kwenye tegi za mizigo tangu miaka ya 1860, na ukikata hivyo viduara kwenye mabaki ya karatasi ngumu iliyoshika foili tegi inapendeza hata kabla hujaandika jina.