Kazi iko kwenye gunia

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Unaniuliza kama kazi uliyoitiwa, ya fundi sanifu wa maabara ya chakula, ni kazi kweli au ni kubonyeza mashine na kuandika namba.

Mimi nimeifanya miaka 26. Mashine utaizoea ndani ya mwezi. Kazi yenyewe iko kwenye gunia. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, haitawanyiki sawasawa kwenye mahindi: punje chache zilizoshikwa na kuvu zinachafua gunia zima, na gunia lililo jirani yake likawa safi kabisa. Ukipiga bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, juu juu kwa kuwa jua ni kali na dereva anakuhimiza, utazikosa. Kiwango cha juu cha sumu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, basi. Hebu fikiri unatafuta kitu kidogo namna hiyo kwenye lori! Choma juu, katikati na chini, saga chote ulichochota, changanya, ndipo upime.

Hili sijawahi kukwambia. Mwaka wangu wa tatu kazini nilichota magunia ya mbele tu, maana ya nyuma yalipangwa hadi karibu na bati. Nikaandika kuwa mzigo ni salama. Wiki iliyofuata mwenzangu akaurudia, akakuta sumu mara nne ya kiwango. Bahati mahindi yalikuwa bado ghalani. Mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, magunia yale yalinirudia usiku kucha. Wale walikula chakula kilichoiva, mwanangu. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii.

Mshahara ni mdogo, na vyombo utaosha sana. Lakini utakwenda vijijini, na huko ndiko nilikoipendea kazi. Huko unapima ukavu wa mahindi hivi: unatia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudi kwenye turubai. Nimeona akina mama wakiijaribu palepale, kisha wanafumua magunia waliyokwisha kuyashona.

Kwenye usaili waulize nani anachota sampuli. Wakikujibu kwamba mwenye mzigo huileta mwenyewe, nipigie simu kabla hujasaini.

Mama yako