Sampo yangu (sauti niliyorekodi mwenyewe) inachelewa kwenye pedi, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu wahariri, poleni na kazi. Napiga dramu za umeme, sauti za ndani ya moduli (kile kisanduku kinachotoa milio nikigonga pedi) zimenichosha nikaamua kurekodi snea yangu halisi (ile ngoma yenye mlio mkali) kwa simu, nikaigeuza iwe faili la sauti la WAV nikaitia kwenye kadi ya SD. Moduli imeisoma vizuri tu, ila nikigonga pedi mlio unakuja umechelewa kidogo, halafu kila pigo linalia vilevile, nikipiga mfululizo inakuwa kama bunduki ya rasharasha. Moduli mbovu au mi ndo nakosea?

JIBU: Ndugu yangu, moduli nzima hiyo, wala usikimbilie kununua nyingine. Fungua lile faili kwenye programu ya kuhariri sauti, Audacity inatosha na ni ya bure, vuta wimbi karibu kabisa uangalie mwanzo wake, utakuta kakimya kadogo kabla fimbo haijagusa ngozi. Moduli inacheza faili kuanzia mwanzo, kwa hiyo kimya nacho kinachezwa! Milisekunde 20 tu za kimya ni sawa na kuiweka snea yako karibu mita 7 mbali na masikio yako, ndo maana mkono unahisi kabisa kuna kitu hakiko sawa. Kata mpaka pale wimbi linapoanza kupanda, ila usile ule mgongo wa kwanza maana ndo wenye ule mlio wa “ta!”, ukiula snea inabaki laini kama mto. Na mwishoni punguza sauti taratibu mpaka iishe, ukikata ghafla utasikia kamlio ka “tik”.

Hilo la rasharasha sasa, snea halisi haitoi mlio mmoja mara mbili, ukipiga taratibu si sauti tu inayopungua, hata rangi ya mlio inabadilika. Kama moduli yako inapokea sampo kadhaa kwa pedi moja, rekodi pigo laini, la kati na la nguvu, kila moja mara kadhaa uchague zuri, na tafadhali usizipandishe zote zilingane sauti, utakuwa umeua kazi yote. Kama inakubali moja tu, chukua pigo la kati, uiweke juu ya snea ya ndani ya moduli kama inaruhusu kuchanganya sauti mbili, hii mi naipenda sana kwa sababu ile ya ndani inabadilika na nguvu ya mkono wako na yako inaleta ule utu wake.

Simu nayo iache kama unaweza. Simu nyingi zinabana sauti kubwa na kuifinya kwenye faili dogo, ukiigeuza WAV baadaye kilichopotea hakirudi. Azima maiki ya kawaida, rekodi moja kwa moja WAV, kwa mpangilio wa 44.1 kHz, biti 16, moduli nyingi zinapokea hiyo ingawa kitabu chake ndo kina neno la mwisho, pigo kubwa kabisa liishie kama -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu (0 ndo ukomo) lisikwaruze. Chumba kisiwe na mwangwi, tundika hata blanketi, mwangwi utauongeza kwenye moduli yenyewe na ukiuchoka unautoa, ule uliorekodiwa hautoki. Na weka nakala za mafaili mabichi pembeni kabla hujaanza kukata.