Saa yangu kopi imegoma, nitengeneze au nibadilishe mashine?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina saa ya otomatiki (zile zinazojijaza zenyewe mkono ukicheza), usoni ina jina kubwa la Uswisi lakini sikudanganyi, ni kopi na nilijua hivyo wakati nanunua, niliipenda tu. Imeenda vizuri kama miezi saba hivi halafu ikaanza kukimbia, naamka naikuta iko mbele dakika 4 au 5, sasa hivi imefika mahali nikiivua usiku asubuhi naikuta imelala, nikiitikisa inaamka. Aliyeniuzia alisema ndani kuna mashine ya ETA 2824 ya Uswisi kabisa na kweli nyuma kuna kioo, naona imeandikwa. Kitu kingine, sijui kama ni tatizo, nikivuta kile kitufe cha pembeni ili niweke majira mshale wa sekunde hausimami, unaendelea tu. Nimeshapita kwa mafundi watatu, wa kwanza kasema springi, wa pili kasema balansi, wa tatu kaniambia itupe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza nashukuru umesema ukweli, maana wengi wanaoniletea kopi wanaapa mjomba kaileta mwenyewe kutoka Uswisi, basi nusu saa nzima inaishia kwenye habari za mjomba badala ya saa.

Sasa, hiyo mashine ya ndani sio ETA 2824, na aliyenipa jibu ni wewe mwenyewe. ETA 2824-2 ukivuta kitufe mpaka mwisho sekunde inasimama pale pale, ndo ilivyoundwa, hata kopi zake nzuri zinasimama. Yako inaendelea kutembea, kwa hiyo ni mashine nyingine kabisa iliyochorwa maandishi ili uridhike ukiangalia kwenye kioo. Mara nyingi kwenye saa za namna hiyo nakuta DG2813 ya China, mashine iliyo karibu sana na Miyota 8215 ya Japani. Unataka kuhakikisha bila kufungua, chukua simu piga video ya mwendo wa polepole huo mshale wa sekunde, kisha hesabu unaruka mara ngapi kutoka alama moja ya sekunde mpaka inayofuata. ETA 2824-2 inapiga 28,800 kwa saa, yaani miruko 8 kila sekunde. DG2813 na Miyota 8215 zinapiga 21,600, yaani 6. Ukihesabu 6 basi mjadala umekwisha, maandishi hayapigi saa.

Kwanini nakazania jina la mashine wakati we unataka itengenezwe? Kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea hilo, na hao mafundi watatu kama hakuna aliyekuuliza hilo swali basi wote walikuwa wanabahatisha, japo wa tatu alibahatisha kwa ufupi.

Kabla hujatoa hela yoyote fanya vitu viwili nyumbani. Cha kwanza sumaku. Saa iliyokuwa inaenda sawa ikaanza kukimbia kwa dakika nzima nzima, mshukiwa wa kwanza ni sumaku, na sumaku ziko kila mahali siku hizi, spika, kava la tableti, kifungo cha mkoba. Balansi ni lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupima muda, na uzi wake, ile springi nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikipata sumaku inavutana na kugandana, uzi unakuwa kama umefupishwa, balansi inapiga haraka. Sogeza saa kwenye dira, ukiona sindano inayumba sana mpelekee fundi mwenye kifaa cha kutoa sumaku, ni kazi ya sekunde kadhaa na hata kifuniko hakifunguliwi. Nimeshaona mtu kanunua mashine mpya nzima kwa ugonjwa huu, na ile mpya akaiweka juu ya spika ile ile.

Cha pili, tia ufunguo kwa mkono, yaani zungusha kile kitufe mizunguko 30 mpaka 40, usiogope haiwezi kukazwa kupita kiasi, springi kubwa ya otomatiki, ile inayotunza nguvu, imetengenezwa iteleze ikijaa. Ilaze mezani uso juu, andika muda, usiiguse. Mashine nzima ya aina hii inatakiwa iendelee kwenda karibu masaa 40 (hata hiyo ETA waliyokusingizia ni kama 38). Ikikaa masaa 35 na kuendelea, basi moyo wake uko sawa, tatizo ni kwenye kujijaza, aidha rota (kile kibamba kinachozunguka ukicheza mkono) na gia zake hazipeleki nguvu kwenye springi au we mwenyewe unashinda umekaa kwenye kiti mkono hauchezi. Ikizima baada ya masaa 8 au 10 ndo tunarudi kwa fundi wako wa kwanza, kuna springi inayoteleza kabla ya kujaa, au mafuta yamekauka na magurudumu yanasuguana, nguvu inaishia njiani haifiki kwenye balansi.

Nikueleze kitu nilichokiona kwenye moja kama yako, maana ndo picha ya hizi kopi zote. Nilifungua nyuma nikaweka lenzi jichoni, juu ya rota maandishi mazuri yamechongwa, vito 25, Uswisi, kila kitu. Nikatoa rota. Chini yake alama ya kidole gumba cha mtu imebaki kwenye bamba tangu kiwandani, unaweza kuhesabu mistari. Vile vijiwe vyekundu vinavyobeba magurudumu vitatu vikavu kabisa havina hata tone, cha nne kimezama kwenye mafuta kama samaki kwenye kikaango, na mafuta hayo yametambaa mpaka kwenye uzi wa balansi, mizunguko miwili imeshikana. Hiyo saa nayo ilikuwa inakimbia na kuzima. Hakuna kilichovunjika. Ilikuwa tu haijawahi kupata huduma ya kiungwana tangu izaliwe.

Haya, kutengeneza au kubadilisha. Kazi ya kuivua mashine yote, kuiosha, kuitia mafuta kidogo kidogo mahali pake, kuifunga tena na kuirekebisha kwenye taimugrafa (kile kifaa chenye maiki kinachosikiliza mapigo), ni kazi ile ile iwe mashine ni ya thamani au ya bei ya chee. Fundi hatakupunguzia masaa eti kwa sababu saa yako ni kopi. Tena ikitokea gurudumu limekatika jino, spea ya kipande kimoja huipati, unaishia kununua mashine nzima ili ung'oe kipande. Ndo maana kwa saa kama yako mimi nasema badilisha mashine nzima, ila BAADA ya yale majaribio mawili, na usikubali fundi akuuzie huduma kamili ya mashine ambayo mpya yake ni rahisi kuliko huduma yenyewe.

Na hapa kwenye kubadilisha ndo watu wanapoumia. Wanasikia mashine ya NH35 ya Seiko ni ngumu haifi (kweli ni nzuri), wanaagiza, ikifika haingii. NH35 ina upana wa milimita 27.4 na unene 5.32. ETA 2824-2 upana 25.6, unene 4.6. Miyota 8215 upana 26, unene 5.67. Ukisikia unaona tofauti ndogo, lakini ndani ya saa nusu milimita ni ukuta. Kuna kimo cha kile kijiti cha kitufe, kikiwa juu au chini ya tundu la kasha basi kitapinda na kukatika, kuna vimiguu viwili nyuma ya uso wa saa ambavyo kila mashine ina matundu yake, na kuna mishale, tundu la mshale wa sekunde wa 2824 ni milimita 0.25 na wa NH35 ni 0.20, ukihamisha ama haukai ama hauingii. Fundi akikuambia atakata vimiguu na kubandika uso kwa gundi, muulize mwenye hiyo saa ni nani. Kwa hiyo mwambie afungue kwanza, asome namba halisi, mara nyingi iko pembeni ya balansi au chini ya kalenda, alinganishe na mashine iliyotoka, ndo uagize ile ile. Kama ni DG2813 agiza DG2813. Ungekuwa na kopi ya kweli ya 2824 ningekuambia Seagull ST2130 au Sellita SW200-1, hizo zimefuata ramani moja na ETA.

Ukiwekewa mpya usiivae siku hiyo hiyo. Mwombe aipitishe kwenye taimugrafa ikiwa imejaa, balansi ijizungushe digrii 270 hivi kwenda juu, ikiwa chini ya 200 na imejaa airudishe alikoitoa. Na usiipeleke kwenye kituo cha huduma cha hilo jina lililoandikwa usoni, hawaigusi, jina ni lao na saa sio yao.

SWALI: Fundi, nilibadilishiwa mashine wiki iliyopita, saa inaenda safi ila tarehe inabadilika saa 6 mchana. Mashine mbovu tena?

JIBU: Hapana, mishale iko nyuma au mbele masaa 12. Zungusha mishale mbele, tarehe ikiruka hapo ndo saa 6 usiku, endelea mbele mpaka majira ya sasa. Angalizo moja, usibadilishe tarehe kwa ile njia ya haraka kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, maana gia za kalenda zinakuwa zimeshaumana na jino linaweza kuvunjika. Hapa sisi tunajichanganya kuliko watu wengine wote, kitabu kinaonyesha mshale kwenye 9 na 3, we unasoma saa tatu na saa tisa, ukigeuza kichwani unakuta umegeuza mara mbili. Mimi huweka mishale kwenye 6 chini kwanza, yaani saa 12, ndo nagusa tarehe.

SWALI: Fundi, yangu nayo ni kopi niliyoagiza nje na imegoma. Muuzaji kasema nichague, nimrudishie saa nzima au anitumie mashine tu nibadilishe mwenyewe. Nichague nini? Sijawahi kufungua saa.

JIBU: Kama hujawahi kufungua saa usianze na hii. Mashine tupu inakuja kwenye kiboksi, hujui imepimwa au ilitolewa kwenye saa ya mwenzio, na mpaka uitoe ya zamani unatakiwa ubonyeze kidude kidogo ndipo kijiti kichomoke, ukikandamiza kwa nguvu mfumo wa kitufe unachomoka mahali pake, hapo una mashine mbili mbovu. Kurudisha saa nzima nako kuna lake, forodha za nchi nyingi zikikamata bidhaa yenye nembo ya kughushi haziirudishi kwa mtu yeyote. Ningekuwa wewe ningemwomba arudishe sehemu ya hela, halafu nikaifungulishe kwa fundi niliye naye karibu, mwenye lenzi na taimugrafa mezani.