Joto na jotoridi: kwa wadogo zangu mnaoanza mada hii

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mada ya joto mwaka huu, kabla hamjagusa kanuni yoyote naomba tushughulike na neno moja. Kila siku tunasema "leo kuna joto", "maji yana joto", "mtoto ana joto", na neno hilohilo linabeba mambo mawili ambayo mtihani utayatenganisha. Nimefundisha twisheni Temeke kwa miaka tisa, na wengi niliowaona wakikwama hapa hesabu walikuwa wanaziweza. Kilichowakwamisha ni kudhani kwamba joto na jotoridi ni kitu kimoja.

Jotoridi ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Inaeleza jinsi chembe za kitu zinavyochangamka kwa wastani. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye jotoridi kubwa kwenda kwenye chenye jotoridi ndogo, nayo hupimwa kwa jouli.

Nenda eneo la Gerezani, hapa Dar, ukamtazame fundi anayekata chuma kwa grainda, ila simama mbali, macho hayana spea. Zile cheche za njano zinapita nyuzi 1,000, lakini zikimrukia mkononi yeye anaendelea na kazi. Chai ya nyuzi 80 ikimwagikia mkono uleule, atakwenda hospitali. Cheche ina jotoridi kubwa mno, ila ni punje ndogo sana na nishati iliyobeba ni kidogo. Kikombe cha chai kina jotoridi ndogo na nishati nyingi. Ukiuelewa mfano huu mpaka uweze kumweleza mdogo wako nyumbani, nusu ya mada umeimaliza.

Siku ya kwanza huwa nauliza: maji ya nyuzi 20 na maji ya nyuzi 60, kiasi sawa, ukiyachanganya unapata nyuzi ngapi? Kila mwaka wapo wanaojibu 80. Lakini wanafunzi haohao, wakiwa wanaandaa maji ya kuoga, wanajua vizuri kwamba maji ya moto hupoa yakikutana na ya baridi. Basi ile akili ya bafuni ije nayo darasani. Jibu ni 40. Nishati unaweza kuijumlisha, jotoridi haijumlishwi. Na kama una lita 9 za maji ya bomba yenye nyuzi 28, ukamimina lita moja iliyochemka, utapata nyuzi 35 hivi, tukiacha kile kinachopotelea kwenye ndoo na hewani. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kabla hujaniamini.

Mkono nao usiuamini kama kipimo. Panda daladala alfajiri, shika bomba la chuma, kisha gusa kitambaa cha kiti. Utaapa kwamba chuma ni cha baridi zaidi, kumbe vyote vimelala usiku kucha kwenye hewa ileile na jotoridi yake ni moja. Chuma kinalichota joto la kiganja chako upesi kuliko kitambaa, basi.

Sasa jikoni, ambako mimi huwa nakaa muda mrefu. Maharage yakishachemka, watu wengi huacha moto mkubwa wakidhani yataiva upesi. Hapa Dar, tulipo usawa wa bahari, maji kwenye sufuria ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100 hivi, na yakifika hapo hayapandi tena hata ukiongeza mkaa. Nishati yote unayoongeza inageuza maji kuwa mvuke. Lita moja ya maji ya nyuzi 28 inahitaji jouli 302,400 ili ifike nyuzi 100. Ili lita hiyohiyo iliyofika 100 iishe yote kuwa mvuke, inahitaji jouli 2,260,000, zaidi ya mara saba, na kipimajoto hakisogei hata kidogo. Hilo ndilo joto fiche. Punguza moto, funika sufuria, maharage yataiva kwa muda uleule na gesi itabaki.

Feni je? Haipozi chumba. Feni ya wati 60 inatumia jouli 60 kila sekunde, yaani jouli 216,000 kwa saa, na karibu zote huishia kuwa joto humohumo chumbani. Inachofanya ni kuharakisha jasho likauke, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili wako. Ndiyo maana mwezi wa pili hapa mjini, hewa ikiwa imejaa unyevu, tunateseka kuliko mtu wa Dodoma aliye kwenye nyuzi zilezile. Jasho letu halikauki.

Na msiogope kuuliza swali linaloonekana la ajabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu hapa Dar es Salaam, naye akarudi kulipima badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu sababu, na hata kama jambo lenyewe hutokea kweli. Ukidhani jotoridi ya mwanzo ndiyo inaamua kila kitu, swali hilo hutalifikiria kabisa. Kuna maji yanayopungua kwa mvuke, kuna mzunguko wa maji ndani ya chombo, kuna barafu iliyo chini ya kikombe.

Kama nyumbani kuna friza, chukua vikombe viwili vinavyofanana, kimoja maji ya moto na kingine ya bomba. Pima jotoridi na uzito kabla ya kuviweka, andika muda, kisha andika ulichokiona, hata kama ya baridi ndiyo yametangulia kuganda.